Ukimpeleka Mbarara Mtoto Asiyevumilia Kelele

Mtoto ameona bembea na jumba la hewa la kurukia kwenye simu ya jirani, na sasa kila asubuhi anakuvuta kitenge akionyesha barabara ya kwenda mji wa Mbarara. Wewe unamjua. Ni yuleyule anayejificha chini ya kitanda mvua ikipiga mabati, anayelia ukimvisha shati lenye lebo shingoni, asiyekula wali ukishaguswa na maharage. Unajiuliza kama utamfurahisha au utamtesa.

Mpeleke, ila panga siku kwa kufuata masikio yake, usifuate pesa uliyolipa.

Kwanza tuelewane ana nini. Kuna watoto ambao ubongo wao hupokea sauti, mwanga, harufu na mguso kwa nguvu kuliko wengine. Jenereta ambayo kwako ni kero tu, kwake ni msumari sikioni. Baadhi yao wana usonji, yaani hali ya kuzaliwa nayo inayobadilisha namna mtoto anavyowasiliana na kuhisi mambo, wengine hawana. Si pepo, si laana, wala si malezi mabaya. Watu husema anadeka. Mtoto anayedeka huchungulia kuona kama unamtazama, na akipewa soda hunyamaza. Aliyezidiwa hata hiyo soda haioni.

Uende wapi? Bustani kubwa zenye mashine za kupanda ziko Kampala, kilomita kama 270 kutoka Mbarara, na safari peke yake ingemmaliza nguvu. Mbarara utapata viwanja vidogo vya watoto na hoteli zenye bwawa zinazopokea watu wa nje kwa kiingilio. Mimi kwa mara ya kwanza ningechagua Igongo, kituo cha utamaduni kilichoko Biharwe, kilomita 12 hivi kutoka mjini kwenye barabara ya Masaka. Kuna bustani, kuna makumbusho, na mara nyingi hakuna mtu wa kumpigia mtoto spika sikioni. Karibu yake upo mnara wa kukumbuka kupatwa kwa jua kwa mwaka 1520. Wazee wa Ankole husimulia kwamba mfalme Olimi wa Bunyoro alikuwa amekuja kuteka ng'ombe, na jua lilipozimika mchana akakimbia na jeshi lake, ng'ombe akawaacha. Wanaume wazima wenye mikuki walitimuliwa na mwanga uliobadilika ghafla. Basi usimcheke mwanao anayekimbia muziki.

Siku gani? Asubuhi ya siku ya kazi, mara tu wanapofungua. Epuka Krismasi na kesho yake, Idi, tarehe 9 Oktoba, na Jumapili mchana. Niliwahi kumpeleka wangu siku moja baada ya Krismasi, saa nane mchana. Tulikaa dakika kumi na moja.

Kabla ya kutoka Nakivale, makazi ya wakimbizi, weka tayari kitambulisho chako cha mkimbizi na karatasi ya familia ambamo mtoto ameandikwa. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inakuruhusu kutembea nchini kwa masharti ya kawaida. Hata hivyo pita ofisi ya OPM, yaani Ofisi ya Waziri Mkuu, pale Base Camp, uulize kama unahitaji barua ya safari. Huduma za ofisi hiyo kwa wakimbizi hazilipiwi. Anayekudai pesa anakuibia.

Nauli iulize stendi siku moja kabla, kwa abiria wawili tofauti, maana sikukuu hupanda. Mtoto anayekaa mapajani kwa kawaida halipiwi, lakini huyu mlipie kiti chake. Anayechukia kuguswa, akibanwa kati ya mabega mawili na kuku, atafika Mbarara ameshachoka kabla ya kucheza. Mweke dirishani, mbali na spika ya nyuma. Sehemu ya vumbi itamrusha na kumchafua, kwa hiyo mfunike kitambaa anachokipenda mpaka mfike lami. Mkichukua boda, mwambie dereva kabla hajawasha pikipiki: "Mpora mpora." Hicho ni Kinyankole cha polepole, na mtu akisikia lugha yake hupunguza mwendo kwa moyo mmoja.

Pesa igawe mafungu manne: nauli, kiingilio, chakula, na boda ya dharura. Fungu la nne ndilo la kukurudisha stendi mtoto akizidiwa, usiliguse hata kwa chipsi. Mlangoni uliza kama kiingilio kinajumlisha michezo au kila mchezo una bei yake. Ukipewa nafasi ya kuchagua, lipa mchezo mmoja mmoja. Aliyelipia siku nzima hushindwa kuondoka, na hapo ndipo mambo huharibika. Beba pia sarafu za mia mbili na mia tano za choo, na chakula kutoka nyumbani, kile anachokula kila siku.

Wiki moja kabla, kata boksi vipande vitano. Chora boda, taksi, bembea, sahani, nyumba. Kila jioni vipange mbele yake kwa mfuatano. Siku ya safari, kila hatua ikiisha anakupa kipande kimoja, naye anajua kilichobaki. Kwa masikio, pamba haizuii kelele kama watu wanavyodhani. Tafuta katika duka la vifaa vya ujenzi vile vikinga-masikio vya mafundi, uvijaribu nyumbani kwanza. Usimpe Piriton wala dawa yoyote ya kumlegeza ili atulie njiani. Ni dawa ya mzio, si ya safari.

Mkifika, msiingie haraka. Kaeni pembeni mtazame. Tafuta mapema kona ya kukimbilia: chini ya mti, nyuma ya ukuta, penye kivuli. Jumba la hewa lichunguze wewe kwanza. Linasimama kwa sababu feni inalipuliza bila kukoma, kwa hiyo mngurumo hauishi mpaka lizimwe. Mara nyingi feni iko nyuma, na nyuma yake tena kuna jenereta. Plastiki inanuka, ikipigwa na jua inachoma nyayo, na ndani watoto wakubwa wanarukaruka bila kuangalia. Akitaka kuingia, mvishe soksi, aingie wakati wengine wametoka, aanzie upande ulio mbali na feni. Akikataa, usimlazimishe. Wengi hupenda bembea zaidi, kwa kuwa mwendo wake ni uleule, mbele na nyuma.

Kuhusu foleni, iga wanachofanya kwenye bustani za Disney kule Marekani, ambako familia ya mtoto wa namna hii hupewa saa ya kurudi badala ya kusimama kwenye mstari. Hapa kwetu, mtu mzima mmoja ashike nafasi, mwingine abaki na mtoto kivulini hadi zamu ifike. Nenda na shangazi au dada yake mkubwa. Peke yako hutaweza.

Akianza kuziba masikio, kukaza vidole au kukimbia duara, ondokeni hapo hapo, msingoje kilio. Kilio kikishakuja, mpeleke kwenye ile kona, chuchumaa, nyamaza. Maneno yako nayo ni kelele. Mfunike kitenge kama anapenda giza, mkumbatie kwa nguvu kama anapenda kubanwa, vinginevyo usimguse. Usimchape. Watazamaji wataanza ushauri, na wengi wao Kiswahili hawakielewi vizuri, kwa hiyo uwe na karatasi uliyoandikiwa na jirani anayejua Kinyankole na Kiingereza: "Kelele zinamuumiza masikio. Atatulia. Tupisheni kidogo."

Kuna hatari moja ya kuiogopa kweli: maji. Watoto wenye usonji wengi huvutwa nayo na hawasikii wakiitwa. Penye bwawa, mtu mzima mmoja asifanye kazi nyingine ila kumshika mkono. Mwandikie namba yako ya simu mkononi kwa kalamu ya bik kabla hamjatoka nyumbani. Akipotea, mwambie mlinzi afunge geti, kisha piga 999 polisi, au 116, namba ya bure ya msaada wa watoto Uganda.

Kama hajawahi kuonwa na daktari, anza na kituo cha afya kilicho karibu nawe na uombe rufaa ya Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mbarara, ambayo ni ya serikali. Ruharo, hospitali ya misheni hapohapo Mbarara, kuna kituo cha OURS kinachoshughulika na watoto wenye ulemavu. Usiunganishe hospitali na matembezi siku moja.

Saa mbili za mchezo zinatosha. Ondokeni akiwa bado anacheka, mfike nyumbani kabla ya giza, na kesho yake usimpangie kitu.

Na kama safari hii inazidi mfuko wako, au aliipenda bembea tu kama wangu, tafuta tairi kuukuu na kamba nene. Funga kwenye tawi bichi lisilo na ufa, urefu wa magoti yake. Kabla hajakaa yeye, ning'inia wewe kwanza kwa uzito wako wote.