Mtoto Mwenye Usonji Ahitaji Jasho Pia

Je, una mtoto mwenye usonji? Wazazi wengi humweka mtoto kama huyu ndani mchana kutwa. Baadhi yao huchelea maneno ya majirani, na wengine huogopa kwamba akitoka atatorokea barabarani. Lakini mtoto asiyetoka hunenepa, misuli yake hulegea na mara nyingi hukosa usingizi.

Fahamu kwamba mazoezi hayaponyi usonji. Kazi yake ni kuimarisha moyo, mapafu, misuli na uwezo wa kusimama bila kuyumba. Hata hivyo, yana faida nyingine. Mnamo 1984 watafiti wa Marekani waligundua kwamba baada ya kukimbia kwa dakika 15, watoto wenye usonji walipunguza vitendo vya kurudiarudia, kama vile kupunga mikono. Kuchezea mpira polepole hakukuleta nafuu kama hiyo.

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa 2020, lashauri watoto wa miaka 5 hadi 17, wakiwemo walemavu, wafanye mazoezi kwa wastani wa dakika 60 kwa siku. Usianze na zote. Anza na dakika 10, kisha uongeze kidogo kidogo kila wiki. Zingatia haya:

1. Mwone daktari kwanza, hasa ikiwa mtoto ana kifafa au anatumia dawa. Baadhi ya dawa huongeza uzani.

2. Chagua saa moja na njia moja, na usizibadilishe ovyo. Mtoto huyu hutulia anapojua kitakachofuata.

3. Mwonyeshe kwa vitendo, hatua moja moja. Ukitaka aruke kamba iliyolazwa chini, ruka wewe kwanza. Maelezo marefu humchanganya.

4. Epuka kelele na firimbi. Uwanja mtulivu asubuhi wafaa kuliko uwanja uliojaa watu.

5. Usimwache peke yake karibu na maji au barabara. Kuogelea ni zoezi zuri, mradi mtu mzima awe naye majini.

Mwisho, weka daftari. Andika leo anazunguka uwanja mara ngapi kabla ya kupumzika. Baada ya wiki 6, hesabu tena. Usimlinganishe na mtoto wa jirani. Mlinganishe na alivyokuwa mwenyewe.