Bakuli la Mwembe Hukerezwa Mara Mbili

Kila viwanja vinaposafishwa Buhongwa au Kisesa, mkoani Mwanza, miembe huanguka, na magogo yake huishia kwenye mkaa au mafiga. Mwenye mashine ya kukereza nyumbani anaweza kuyageuza mabakuli mazuri ya matunda na saladi. Linalowashinda wengi ni maji yaliyomo ndani ya mti. Bakuli linatoka limenyooka leo, na baada ya wiki mbili lina ufa kutoka mdomoni hadi kitakoni. Dawa yake ni kulikereza mara mbili, na katikati kuupa mti muda wake.

Gogo

Chukua gogo likiwa bichi. Mwembe ukilala chini hubadilika rangi upesi na kuingiwa na bungua, hivyo siku hiyohiyo paka ncha zake nta iliyoyeyushwa au rangi nzito ya mafuta. Kabla ya kulisafirisha, muulize afisa misitu wa wilaya au ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) kuhusu kibali. Ni nafuu kuliko kujieleza kwenye kizuizi cha barabarani.

Pasua gogo katikati na uondoe moyo wake, walau sentimita 2 kila upande. Mbao inapokauka husinyaa kufuata mzunguko wa pete zake karibu mara mbili ya inavyosinyaa kuelekea moyoni. Mvutano huo ndio hulipasua gogo, na bakuli lililobaki na moyo ndani yake litapasuka hata ulitunze vipi.

Mara ya kwanza

Funga kipande kwenye sahani ya mashine kwa skrubu nene, upande utakaokuwa mdomo wa bakuli. Kwa kipenyo cha sentimita 30, anza na mizunguko isiyozidi 500 kwa dakika, na simama pembeni unapowasha. Vaa kinga ya uso, si miwani peke yake. Umeme ukikatika, zima swichi papo hapo, la sivyo mashine itaanza kuzunguka yenyewe umeme utakaporudi.

Laza bobari kwenye kiegemeo, mgongo wa makali uguse mti kwanza, kisha inua mpini taratibu mpaka makali yaume. Nje, kereza kutoka kitakoni kwenda mdomoni. Kisha ligeuze lishikwe kitakoni, na ndani ulikereze kutoka mdomoni kwenda katikati. Mwembe mbichi chini ya bobari kali hutoa utepe mrefu, wenye maji yanayokurukia mkononi. Ukiona vinatoka vipande vifupi na unga, simama unoe.

Acha unene wa sehemu moja ya kumi ya kipenyo: bakuli la sentimita 30 libaki na ukuta wa sentimita 3. Kitako nacho kiwe na unene huohuo, kwa sababu sehemu nene hukauka nyuma ya nyembamba na hapo ndipo ufa huanzia. Kiachie ukingo wa kushikwa na mashine baadaye.

Kukausha

Lipime kwenye mizani, kisha andika uzito na tarehe kitakoni kwa penseli. Litie kwenye mfuko wa karatasi pamoja na maranda yake, uufunge, uuweke chumba chenye kivuli, juu ya ubao, mbali na joto la bati. Miezi mikavu ya Juni hadi Agosti mfuko ubaki umefungwa. Wakati wa masika na vuli, ufungue kila siku chache na ubadilishe maranda yaliyolowa, maana unyevu hualika ukungu.

Pima kila wiki. Uzito ukikaa palepale kwa wiki nne, liko tayari. Mara nyingi huchukua miezi kadhaa, kwa hiyo kereza mengi kwa mpigo ili kila mwezi uwe na la kumalizia.

Mara ya pili

Bakuli litakuwa limepinda kidogo, mdomo umekuwa kama yai. Ndiyo sababu uliacha unene. Linyooshe, kisha ulipunguze hadi ukuta wa milimita 8 hivi. Piga msasa namba 80, 120, 180, 240, halafu 320, bila kuruka hata moja. Kabla ya kubadilisha namba, zima mashine, futa vumbi, na umulike kwa tochi kutoka ubavuni: mikwaruzo isiyoonekana kwa taa ya juu itajitokeza yote. Vaa barakoa, kwani vumbi la mwembe huwasha.

Mafuta na nta

Mafuta ya kupikia yataleta harufu ya kuchacha. Tumia mafuta safi ya kitani yasiyotiwa dawa ya kukaushia. Paka, subiri nusu saa, futa yaliyobaki juu, na urudie kesho yake hadi mti usinywe tena. Mwisho, yeyusha sehemu 1 ya nta ya nyuki katika sehemu 4 za mafuta hayo, chombo kikiwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, kisha usugue kwa kitambaa. Vitambaa vyenye mafuta ya kitani vitandaze nje vikauke. Vikirundikwa vinaweza kujiwasha moto vyenyewe.

Unapoliuza, mweleze mnunuzi aoshe kwa mkono, asililoweke, na alipake mafuta likianza kupauka. Anayelipeleka Dodoma au Singida, kwenye hewa kavu kuliko ya ziwani, mwambie aliweke mbali na jua na upepo wiki za mwanzo. Maelezo hayo ni sehemu ya kazi yako, kwa sababu bakuli likipasuka mezani kwa mtu, atakayeulizwa ni fundi.