SOMO LA ROBO HII: MWANAFUNZI WA SANAA NA KAMATI INAYOMLIPIA ADA



Kijana akiomba ada ya kusomea useremala au ushonaji, kamati huelewa haraka. Akiomba ada ya kusomea uchoraji, maswali huwa mengi. Atakula nini? Atamwuzia nani? Mbona mwaka jana alikuwa anafinyanga na mwaka huu anachonga? Leo tunalichukua swali hilo la mwisho, kwa sababu ndilo linalowakatisha vijana masomo. Tutajifunza kutokana na kituo kimoja cha Kilutheri cha Afrika Kusini.

Kituo cha Rorke's Drift

Rorke's Drift iko katika jimbo linaloitwa sasa KwaZulu-Natal. Wengi wanapafahamu kwa ajili ya vita vya Waingereza na Wazulu vya Januari 1879. Mwaka 1961 wasanii wawili kutoka Sweden, Peder na Ulla Gowenius, walifika nchini humo kwa msaada wa misioni ya Kanisa la Sweden. Walianzia katika hospitali ya misioni ya Ceza, wakiwafundisha wagonjwa wa kifua kikuu kazi za mikono, maana matibabu ya siku hizo yalimweka mtu wodini miezi mingi bila shughuli. Mwaka 1962 walianza kuwaandaa wanawake ambao wangewafundisha wagonjwa hospitalini. Mwaka uliofuata kazi ilihamia Rorke's Drift, na mwaka 1968 ikafunguliwa shule ya sanaa yenye kozi ya miaka miwili.

Tukumbuke kuwa huo ulikuwa wakati wa utawala wa ubaguzi wa rangi. Kijana Mwafrika aliyetaka kusomea sanaa alikuta milango mingi imefungwa. Hapo palikuwa na sufi na mitambo ya kufumia, udongo wa kufinyanga, vitambaa vya kuchapa, mbao na lino. Mmoja wa waliopitia hospitali ya Ceza ni Azaria Mbatha. Alikuwa mgonjwa, akajifunza kuchonga picha za chapa, na baadaye akasoma Sweden na kurudi kufundisha. Alizisimulia habari za Biblia, kama ile ya Yusufu na ile ya Daudi na Goliathi, kwa watu wenye sura za Kiafrika. Katika nchi ile wakati ule, picha ya mdogo anayemshinda jitu haikuhitaji maelezo marefu.

Mwanafunzi mmoja: John Muafangejo

John Muafangejo alizaliwa Angola mwaka 1943, akaja kuishi katika misioni ya Kianglikana kaskazini mwa Namibia. Wamisionari waliona kipaji chake, naye akasoma Rorke's Drift mwaka 1968 na 1969. Alijaribu kuchonga mbao. Alijaribu pia kuchora juu ya bamba la chuma, ambapo asidi ndiyo inayokula mistari. Lakini nyenzo iliyomfaa kuliko zote ilikuwa lino, yaani lile tandiko la kufunika sakafu.

Kazi yenyewe hufanyika hivi. Mwanafunzi huchora juu ya lino, kisha kwa patasi ndogo hukwangua sehemu zitakazobaki nyeupe. Hupaka wino kwa rola, hulaza karatasi juu yake na kuisugua, hata kwa mgongo wa kijiko. Picha hutoka imegeuka, kushoto kuwa kulia. Muafangejo alipenda kuweka maneno ndani ya picha zake, hivyo kila herufi ilibidi aichonge kinyumenyume. Kazi kama hiyo haiharakishwi. Patasi ikiteleza, hakuna kufuta.

Na alichora nini? Alichora ibada na maaskofu, historia ya watu wake wa Oukwanyama, wanyama, vita, na pia upweke wake mwenyewe. Masomo hayakuwa mepesi kwake. Akiwa shuleni aliugua kwa msongo wa akili akahitaji matibabu. Picha yake ya mwaka 1974 inaitwa Mtu Mpweke. Ya mwaka 1984, inayojulikana kuliko nyingi, inaonyesha watu wawili wakikumbatiana, na jina lake linazungumzia tumaini licha ya magumu ya wakati huo. Alifariki Windhoek mwaka 1987, Namibia ikiwa bado haijapata uhuru, uliokuja mwaka 1990.

Hakuna kamati ambayo ingemwagiza kijana achore upweke wake. Hata hivyo, picha zile za huzuni na za matumaini ndizo zilizoyafikisha maisha ya watu wa Namibia kwa watazamaji wa nchi nyingine.

Mafundisho kwa kamati zetu

1. Kubadili nyenzo si kuyumba. Udongo humfundisha mwanafunzi umbo, sufi humfundisha rangi, lino humfundisha kuchagua kati ya cheusi na cheupe. Fundi wa kwanza kutajwa katika Kutoka 31, Bezaleli, alipewa ujuzi wa dhahabu, fedha, shaba, vito na mbao. Kwa hiyo tusimwulize mwanafunzi, "Kwa nini umeacha?" Tumwulize, "Kile ulichokiacha kimekufundisha nini?"

2. Muda wa kujifunza utengwe na muda wa kuuza. Karakana ya ufumaji ya Rorke's Drift ilitoa bidhaa zilizouzwa. Shule ya sanaa haikuweza kupimwa hivyo, na ilifungwa mwaka 1982, huku ufumaji ukiendelea. Kinachouzwa hupata watetezi kwa urahisi. Mwanafunzi akipewa oda za kadi za Krismasi tangu mwezi wa kwanza, atajua kutengeneza kadi, na ataishia hapo.

3. Mada iwe yake. Wengi wetu tunapenda picha ya twiga na mlima. Kijana akichora kaburi la baba yake au foleni ya zahanati, tusiseme kwamba picha hiyo haitawapendeza wageni. Tuitazame kwanza, kisha tumwombe aieleze.

4. Asiachwe peke yake. Ada ikishalipwa, mara nyingi tunadhani tumemaliza. Mtu mmoja wa kamati amtembelee kila muhula, aulize habari za afya, chakula na usingizi kabla ya kuuliza habari za picha.

5. Maandalizi ya kurudi yaanze mapema. Baada ya masomo Muafangejo alirudi kaskazini mwa Namibia akafundisha sanaa katika misioni ya Odibo. Mchapaji wa lino hahitaji mashine kubwa. Patasi, rola, wino na karatasi vinatosha kuanzia. Vifaa hivyo viingizwe katika bajeti tangu mwanzo.

Tutapimaje maendeleo?

Wafadhili wana haki ya kujua fedha zao zimefanya nini, na hatutaki haki hiyo ipunguzwe. Tunapendekeza kila mwanafunzi wa sanaa awe na jalada la majaribio. Ndani yake aweke michoro ya awali, kazi zilizoharibika na zilizofaulu, kila moja ikiwa na tarehe, jina la nyenzo na sentensi mbili za maelezo. Jalada la mwezi wa kwanza likilinganishwa na la mwezi wa kumi, hata mzee asiyejua kuchora ataona kama kijana amekua. Ushahidi huo ni bora kuliko hesabu ya picha tatu zilizouzwa kwenye mnada wa usharika.

Maswali ya kujadili

a) Je, fomu yetu ya maombi ya ufadhili inampa mwanafunzi nafasi ya kujaribu, au inamtaka ataje kazi moja tangu siku ya kwanza?

b) Ni picha gani iliyochorwa na kijana wa usharika wetu tuliyoikataa bila kumwuliza maana yake?

c) Nani katika kamati yetu atakuwa mtembelezi wa mwanafunzi, na nauli yake itatoka fungu gani?

Tunaomba kila kamati ijadili maswali haya kabla ya kupitisha majina ya wanafunzi wa mwaka ujao, na kutuletea maoni yake kwa maandishi.