Je, Kujikinga na Maradhi ni Kukosa Tawakali?

Ndugu msomaji, swali hili huulizwa mara nyingi na ndugu walioingia katika Uislamu karibuni, na hata na wale ambao wangali wanauchunguza. Mmoja wao alinieleza kwamba alipoanza kuchimba choo, mzee wa nyumba ya pili alimcheka akisema: Siku ya mtu ikifika, choo kitaizuia? Ndugu huyo akaweka jembe chini, akaja kuniuliza kama kweli kazi yake ilikuwa upungufu wa imani.

Jibu limo katika tarehe ya Uislamu. Mnamo mwaka wa 18 wa Hijra, yaani mwaka 639, Seyidna Umar r.a. alifunga safari kutoka Madina kwenda Shamu. Alipofika mahali paitwapo Sargh alilakiwa na maamiri wa jeshi, miongoni mwao Abu Ubaida r.a., wakampa habari kwamba tauni imezuka huko aendako. Hakuamua peke yake. Aliwaita kwanza Muhajirina, wakahitilafiana. Akawaita Ansari, nao wakahitilafiana vivyo hivyo. Akawaita wazee wa Kikureshi, na hao kwa kauli moja wakamshauri awarudishe watu. Basi akatangaza kurudi.

Abu Ubaida akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Seyidna Umar akamjibu kwamba anatoka katika kadari ya Mungu na kuiendea kadari ya Mungu huyo huyo. Kisha akampigia mfano wa mchunga ngamia ashukaye katika bonde ambalo upande wake mmoja una malisho mema na wa pili ni mkavu: upande wowote atakaolisha, atakuwa amelisha kwa kadari ya Mungu. Ndipo akaja Abdurrahman bin Auf r.a., ambaye hakuwapo shaurini, akawaeleza kuwa alimsikia Mtume s.a.w. akiwakataza watu kuingia katika nchi iliyopatwa na tauni, na akiwakataza waliomo kutoka kwa kuikimbia.

Nilipokuwa mwanafunzi ng'ambo tulikisoma kisa hiki katika somo la itikadi, tukakiacha hapo. Nasikitika kidogo kwa hayo, maana sehemu ya pili ya amri hiyo hatukuitazama vya kutosha. Sehemu ya kwanza yamlinda mtu nafsi yake. Ya pili yawalinda watu asiowajua, katika miji ambayo huenda hataiona kamwe. Anayezuiwa kutoka huchukua mzigo kwa ajili ya wengine. Abu Ubaida mwenyewe alibaki na watu wake, akafa kwa tauni hiyo.

Sasa tuiache tauni, tuje kwenye maradhi ya vijijini kwetu, ambayo mengi yake hupitia katika maji na udongo. Chukua kichocho. Mgonjwa akikojoa bwawani, mayai ya minyoo hutoka pamoja na mkojo. Yakikuta maji huanguliwa, na vijidudu huingia katika konokono wa majini, vikazaana humo, kisha hutoka na kupenya ngozi ya mtu aogaye au afuaye nguo. Fikiri, ndugu: mtu aweza kuchemsha maji yake ya kunywa kila siku, na bado mwanawe akapata kichocho kwa kuogelea. Sufuria yake haimfai kitu hapo. Kinachomfaa ni choo cha jirani. Safura nayo ni hivyo hivyo: mayai hutoka katika kinyesi kilichoachwa shambani, huanguliwa udongoni, na vijidudu hupenya nyayo za mtoto asiye na viatu, vikaenda kumnyonya damu tumboni hata akose nguvu ya kusoma wala kucheza.

Kwa ajili hiyo kampeni ya Mtu ni Afya, iliyofanyika Tanzania mwaka 1973, yastahili kukumbukwa. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa, na watu kiasi cha milioni 2 wakakutana katika vikundi kwa muda wa majuma 12. Walisikiliza redio, wakasoma vitabu vilivyotungwa kwa ajili hiyo, wakajadiliana, kisha wakaamua kazi ya kufanya, na katika kazi hizo uchimbaji wa vyoo ulikuwa na nafasi kubwa. Hapakuwa na dawa mpya. Watu wa kijiji kimoja waliketi pamoja kuulizana kwa nini watoto wao huugua, kama vile watu wa Sargh walivyoketi kushauriana. Nami naona nguvu ya jambo lile ilikuwa hapo. Choo kilichochimbwa kwa kumwogopa bwana afya mara nyingi hugeuka banda la kuku. Lakini kilichokubaliwa na wenye mji barazani hutumiwa, maana asiyekitumia ataulizwa na wenzake.

Wala ndugu mpya asidhani kuwa mashauri haya ni ya Waislamu peke yao. Bwawa ni la kijiji kizima, na Mkristo na asiye na dini wataoga humo humo na watoto wake.

Ndugu yule alirudi kwenye jembe lake. Nilimwambia shimo liwe mbali na kisima, hatua 40 au zaidi, tena upande wa chini wa mteremko; tundu lifunikwe nzi wasiingie; na maji na sabuni viwe karibu na mlango. Akaniuliza afanyeje na yule mzee. Nikamwambia aende amwombe shauri la mahali pa kuchimba, kwa kuwa mzee ndiye ajuaye maji ya masika hupita wapi.