Kipima mto kisizime siku ya mafuriko

Mkazi wa Kilelengwani anajua kuwa mafuriko hayangoji mvua ya Kilelengwani. Maji hutoka Mlima Kenya na safu za Nyandarua, hupita mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, hufika Garissa, kisha huchukua siku kadhaa kushuka hadi Garsen na delta. Siku hizo ndizo familia huzitumia kuhamisha watoto, magunia na mifugo hadi kwenye mwinuko. Habari ya mto ikichelewa, siku hizo zimeliwa.

Zamani kina cha mto kilisomwa kwa macho tu, kwenye vibao vyenye alama vilivyosimikwa majini, na kazi hiyo bado inaendelea. Vifaa vya kisasa hujipimia na kutuma matokeo kwa mtandao wa simu, vikilishwa na paneli ndogo ya sola na betri. Tatizo ni kwamba mto hufurika msimu wa mvua, kama ilivyokuwa mwishoni mwa 2023 na tena Aprili na Mei 2024, na msimu huo huo ndio wenye mawingu. Kifaa hukosa jua wakati kinapohitajika zaidi.

Chukulia kipima mto chenye betri ya volti 12 na ampea-saa 7, saizi inayouzwa madukani. Betri ya asidi haifai kunyonywa hadi mwisho; ikitumiwa zaidi ya nusu mara kwa mara hufa mapema. Kwa hiyo akiba halisi ni miliampea-saa 3,500. Kifaa kikiwa macho na kutuma hutumia, tuseme, miliampea 200. Kikiachwa macho usiku na mchana bila jua, akiba hiyo inaisha kwa saa 17 na nusu.

Dawa yake ni usingizi. Kifaa kikilala hutumia takriban miliampea 1. Kikiamka kila baada ya dakika 15, kikapima na kutuma kwa dakika moja, kitatumia kama 344 kwa siku, na akiba itadumu siku 10. Kikituma kila saa, matumizi hushuka hadi 104 na akiba hufikisha mwezi mzima. Kinachokula chaji hasa ni kutuma. Kupima ni kazi ya sekunde chache. Vituo vya hali ya hewa vya mradi wa TAHMO, vilivyowekwa katika shule mbalimbali nchini, hufuata njia hiyo: hupima kila dakika 5, huweka kumbukumbu, kisha hutuma kwa mkupuo.

Kwa mto, kifaa kizuri hubadilisha mwendo chenyewe. Maji yakiwa chini, hutuma kila saa au hata kila saa 6. Maji yakivuka alama ya tahadhari, huanza kutuma kila dakika 15. Betri ikishuka hadi volti 12.2, yaani karibu nusu, hupunguza ujumbe lakini kinaendelea kupima.

Paneli ya wati 10 kwenye jua kali la saa 5 huingiza zaidi ya ampea-saa 4, chakula cha siku 12 kwa mwendo wa dakika 15. Siku ya mawingu mazito inaweza kuleta sehemu moja tu ya kumi: 400 hivi, na kidogo hupotea njiani. Hapo kifaa kinaponea chupuchupu.

Ndiyo maana tawi moja la mwembe lina uzito. Vipande vya paneli vimeunganishwa kwa mfululizo, hivyo kivuli kwenye kipande kimoja huvuta chini paneli nzima. Hapa, kusini kidogo mwa ikweta, paneli hutazama kaskazini na huinamishwa nyuzi 10 hadi 15, si kwa ajili ya jua hasa, bali mvua ioshe vumbi na kinyesi cha ndege. Kunguru hawana habari na tahadhari za mafuriko. Sanduku la betri liwekwe juu ya alama ya mafuriko makubwa yanayokumbukwa na wazee, tena kivulini, maana joto hufupisha maisha ya betri.

Halafu kuna simu. Mtu akipita na simu imezima, huona betri ya bure. Kujaza simu moja ya kawaida huchukua ampea-saa 1.25 au zaidi kutoka betri ya volti 12. Hicho ni chakula cha kipima mto cha karibu siku 4 kikiwa kwenye mwendo wa mafuriko. Vijana watatu wakichaji jioni moja ya mawingu, akiba yote iliyosalia imeyeyuka, na usiku huo mto waweza kupanda bila mtu kujua.

Mkazi akiona paneli imefunikwa na matawi, nyaya zimekatika au sanduku limefunguliwa, amwarifu chifu au msimamizi wa kijiji siku hiyo hiyo, bila kugusa nyaya mwenyewe.