Isnadi ya Ujumbe Uliosambazwa



Ndugu zangu katika Imani, somo letu la toleo hili linatoka katika Surat al-Hujurat, aya ya 6. Humo Allah (S.W.) anawaamrisha walioamini kwamba akiwajia fasiki na habari, waichunguze kwanza, wasije wakawadhuru watu kwa kutojua, kisha wakajutia walilolitenda. Wengi wetu aya hii tumeihifadhi. Mimi pia niliihifadhi, na nitaeleza jinsi ilivyonisaidia kidogo.

Wafasiri wengi, akiwemo Ibn Kathir, wametaja sababu ya kushuka kwake. Mtume (S.A.W.) alimtuma mtu kwenda kukusanya zaka kwa Banu al-Mustaliq. Watu wale walitoka kumlaki. Yule mjumbe alipowaona kwa mbali aliingiwa na hofu, akarudi njiani na kusema kwamba wamekataa kutoa zaka na wametaka kumuua. Palikaribia kutokea vita. Tazameni, alichokiona kilikuwa kweli: watu walitoka. Maana aliyoipa ndiyo iliyokuwa ya uongo.

Ramadhani iliyopita, baada ya tarawehe, niliingia kwenye kundi letu la WhatsApp nikakuta picha ya skrini. Ilionyesha kwamba mweka hazina wetu wa futari ametuma shilingi 480,000 kwa simu, na aliyepokea ni mwanamke ambaye jina lake halikujulikana na yeyote kati yetu. Chini yake mtu aliandika: "Pesa ya Waislamu inakwenda wapi?" Mimi sikuongeza neno. Niliisambaza tu kwenye makundi manne, nikalala.

Wakati wa daku ikanirudia. Ilitoka kwa mwanafunzi wa chuo kingine nisiyemfahamu vizuri, na sasa ilikuwa na maneno mapya: kwamba ndugu yule amenunua simu, na kwamba si mara yake ya kwanza. Picha ilikuwa ileile niliyoituma mimi. Wanaosoma mustalah wanalijua jambo hili. Wanazuoni wa hadithi huliita idraj, maneno ya mpokezi kuingia ndani ya matini mpaka msikilizaji adhani ni sehemu yake.

Mwanamke yule ni mama anayetupikia wali na maharage. Picha ilikatwa juu, mahali palipoandikwa sababu ya malipo. Mweka hazina alileta risiti zote mbele ya Amiri siku ya tatu, hesabu ikatimia, na siku hiyohiyo akajiuzulu.

Niliporudi kutafuta nani aliianzisha, sikumpata. Ujumbe ukisambazwa, WhatsApp huweka alama ya kuonyesha kwamba umesambazwa, lakini haitaji aliyeuandika. Ukishapita mikono mitano au zaidi huwekewa mishale miwili. Hiyo tu. Kwa lugha ya wanahadithi, mpokezi wake wa kwanza ni majhul, na waliofuata hawajulikani idadi wala hali zao. Ibn Sirin amepokewa akieleza kwamba watu mwanzoni hawakuwa wakiuliza isnadi, na fitina ilipotokea ndipo wakaanza kutaka majina ya wapokezi. Umma huu ulisafiri masafa ya mwezi kwa ajili ya kuhakiki hadithi moja, na leo kijana wake anashindwa kutembea kutoka bweni moja hadi jingine kumuuliza ndugu yake swali moja.

Wenye programu wenyewe waliiona hatari. Januari 2019 walipunguza usambazaji kuwa mazungumzo matano kwa mara moja duniani kote, na Aprili 2020, wakati wa korona, ujumbe wenye mishale miwili ukawa hauendi zaidi ya zungumzo moja kwa mara. Hapa Uganda serikali ilijaribu njia ya mfuko: kuanzia Julai 2018 tulitozwa shilingi 200 kwa siku ili kuingia mitandaoni, na Rais Museveni alikuwa ameilalamikia lugambo, yaani umbea wa mitandaoni. Watu wakahamia kwenye VPN. Mwaka 2021 kodi ile ikaondolewa, ikaja asilimia 12 juu ya bando. Lugambo ilibaki palepale. (Na tuseme ukweli, nyingine ilikuwa habari ya kweli iliyowakera wakubwa; uchunguzi si kisingizio cha kunyamazisha watu.)

Sisemi tuzitupe simu. Darsa zetu za sauti zinawafikia dada zetu walio nyumbani likizo, na tangazo la janaza hufika kwa dakika moja. Nasema juu ya kidole. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba inamtosha mtu kuwa muongo kule kusimulia kila anachokisikia. Nilikuwa nikidhani kwamba kusambaza si kusimulia kwa sababu mdomo wangu ulikuwa umefungwa.

Kuhusu toba, mnajua sharti la ziada linapoguswa haki ya mja: umrudishie haki yake au akuhalalishie. Nilituma usahihisho kwenye makundi yale manne. Lakini ujumbe ulishatoka humo, na usahihisho haukuufuata, hakuna aliyeusambaza. Basi nikaenda chumbani kwake. Aliniambia, "Mimi nimekusamehe. Lakini ilifika kijijini kwetu, na mama aliisikilizishwa. Mpigie yeye."

Nilimpigia. Nilijieleza, nikamwambia mwanawe hakuchukua hata shilingi moja. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema alhamdulillah, na akaniuliza kama sasa mnunuzi atakubali kumrudisha mbuzi. Alikuwa amemuuza wiki ileile, ili mwanawe aanze kulipa pesa ya Waislamu.

Mnunuzi alikuwa ameshamchinja kwa ajili ya Idi. Nusu ya bei yake nimemtumia mama yule kwa simu, na nusu iliyobaki nitaituma inshaallah muhula huu usijaisha.

Wabillahi tawfiq.