Usalama wa Chakula Hupimwaje?

Kazi ya daktari huonekana kwa mgonjwa aliyepona, na kazi ya mwashi huonekana kwa ukuta uliosimama. Kazi ya mkaguzi wa chakula haina ushahidi wa namna hiyo. Akifaulu, watu hula, hulala na huamka wazima, wala hapana ajuaye kwamba maradhi fulani yalizuiliwa njiani. Akishindwa, habari huenea kwa siku moja. Kwa sababu hiyo swali linaloonekana jepesi huwa gumu kulijibu: serikali itajuaje kwamba idara yake ya kulinda chakula inafanya kazi ipasavyo?

Swali hili si la maofisa peke yao. Namba inayochaguliwa kuwa kipimo ndiyo inayoamua mkaguzi aende wapi, akague nini na aache nini. Kipimo kikikosewa, watu wanaweza kuugua na kufa huku taarifa za mwaka zikionyesha mafanikio.

Ngazi tatu za kipimo

Vipimo vinavyotumiwa na mamlaka za udhibiti vinaweza kugawanywa katika ngazi tatu. Ngazi ya kwanza ni ya shughuli: viwanda vingapi vimekaguliwa, sampuli ngapi zimechukuliwa, leseni ngapi zimefutwa, tani ngapi za chakula kibovu zimeteketezwa. Namba hizi hupatikana kwa urahisi, kwa kuwa zimo katika daftari za idara yenyewe. Lakini hueleza bidii ya idara, si usalama wa mlaji. Mwalimu aliyefundisha vipindi vyote vya mwaka bado hajathibitisha kwamba wanafunzi wake wameelewa somo. Tena baadhi ya namba hizo zina maana mbili: tani za chakula kilichoteketezwa zikiongezeka, huenda ukaguzi umekuwa mkali zaidi, na huenda chakula kimekuwa kibaya zaidi.

Ngazi ya pili ni hali ya chakula chenyewe, yaani ni sehemu gani ya sampuli iliyokutwa na vijidudu au sumu kupita kiasi kinachoruhusiwa. Ngazi ya tatu ni afya ya walaji: ni watu wangapi katika kila 100,000 walioambukizwa kwa mwaka. Ngazi hii ya mwisho ndiyo shabaha yenyewe. Hata hivyo, ndiyo ngumu kuliko zote kupima, na mabadiliko yake yana sababu nyingi zisizo mikononi mwa mkaguzi.

Marekani: kutoka macho hadi maabara

Historia ya ukaguzi wa nyama nchini Marekani yaonyesha jinsi nchi moja ilivyojaribu kupanda ngazi hizo. Sheria ya mwaka 1906 iliimarisha kazi ya wakaguzi wa serikali katika machinjio. Kwa miongo mingi walitumia macho, mikono na pua: walitafuta uvimbe, majipu, kinyesi na harufu ya kuoza. Njia hiyo iliwaondoa wanyama wengi wagonjwa, lakini bakteria haonekani kwa macho. Mwaka 1993 nyama ya kusaga isiyoiva vizuri, iliyokuwa na bakteria wa Escherichia coli O157, iliwafanya watu zaidi ya 700 waugue katika majimbo ya magharibi, na watoto wanne walifariki. Macho na pua havikutosha tena.

Mwaka 1996 serikali ilitoa kanuni mpya. Kila kiwanda cha nyama kilitakiwa kuchunguza hatua zake zote za kazi, kutambua mahali hasa ambapo hatari yaweza kuingia, na kuweka kizuizi mahali hapo. Pamoja na hayo kiliwekwa kiwango cha utendaji kilichopimwa kwa bakteria aitwaye salmonela. Kwa kuku wa nyama zilichukuliwa sampuli 51. Zikipatikana zaidi ya 12 zenye salmonela, kiwanda kilihesabiwa kuwa kimeshindwa. Kwa nyama ya ng'ombe ya kusaga sampuli zilikuwa 53, na zenye bakteria hazikutakiwa kuzidi 5.

Yafaa kuangalia viwango hivyo vilitoka wapi. Uchunguzi wa nchi nzima ulikuwa umeonyesha kwamba takriban asilimia 20 ya kuku, na asilimia 7.5 ya nyama ya kusaga, ilikuwa na salmonela. Wastani huo ndio uliofanywa kuwa kiwango. Kwa hiyo kiwango hakikusema, "Chakula hiki hakina hatari." Kilisema tu, "Kiwanda hiki si kibaya kuliko hali ya kawaida iliyokuwapo."

Upungufu mwingine ulidhihirika mahakamani. Kiwanda kimoja cha kusaga nyama huko Texas kilishindwa jaribio hilo mara kwa mara, na serikali ikataka kuwaondoa wakaguzi wake, jambo ambalo lingekifunga. Wenye kiwanda walidai kwamba salmonela huweza kuingia pamoja na nyama inunuliwayo kutoka machinjio, na kwa hiyo kipimo hakielezi usafi wa kiwanda chenyewe. Desemba 2001 mahakama ya rufani iliwakubalia. Funzo lake ni hili: kipimo kinachomwadhibu mtu sharti kipime jambo lililo katika uwezo wake kulirekebisha.

Hesabu ya sampuli

Mwanafunzi ataweza kuuliza: kwa nini zichukuliwe sampuli 51 na si 5? Jibu limo katika hesabu ya uwezekano. Ichukuliwe kwamba katika shehena moja kuku 1 kati ya kila 20 ana salmonela. Uwezekano wa kuku mmoja kuwa safi ni 0.95. Mkaguzi akipima kuku 10, uwezekano wa wote kuonekana safi ni 0.95 ikizidishwa yenyewe mara 10, yaani takriban 0.60. Maana yake ni kwamba katika kila shehena 10 za namna hiyo, 6 zitapita pasipo bakteria kugunduliwa. Akipima kuku 60, uwezekano huo hushuka hadi chini ya 0.05. Sampuli chache si ushahidi wa usalama. Mara nyingi ni ushahidi wa bahati.

Hesabu hiyo hiyo yaeleza kwa nini kuku 12 waliruhusiwa ilhali asilimia 20 ya 51 ni 10 tu na kitu. Kiwanda chenye wastani wa asilimia 20 kamili kinaweza siku nyingine kupata zaidi ya 10 kwa bahati mbaya tu. Kwa kuruhusu 12, kiwanda kama hicho kilipewa nafasi ya kufaulu mara 8 katika kila 10.

Tena sharti ijulikane sampuli zilichukuliwaje. Mkaguzi akienda tu mahali anapopatilia shaka, atapata asilimia kubwa ya chakula kibovu; akichukua sampuli pasipo kuchagua, atapata picha ya nchi. Njia zote mbili ni halali, kila moja kwa kazi yake. Kosa ni kulinganisha namba za njia ya kwanza na za njia ya pili, kisha kudai kwamba hali imepanda au imeshuka.

Namba mbili zisizokubaliana

Mwaka 1996 huo huo Marekani ilianza kuhesabu wagonjwa katika maeneo maalumu, kwa kukusanya majibu ya maabara za hospitali. Hata hesabu hiyo haiwaoni wote. Mgonjwa wa kuhara sharti kwanza aende kwa daktari. Daktari sharti aagize choo kipimwe. Maabara sharti ikione kijidudu. Na jibu sharti lipelekwe kwa mamlaka. Hatua moja ikikosekana, mgonjwa huyo hayumo katika hesabu. Wataalamu wa nchi hiyo walikadiria mwaka 2011 kwamba kwa kila mgonjwa mmoja wa salmonela aliyethibitishwa kulikuwa na wengine 29 wasiothibitishwa.

Shabaha iliyowekwa kwa mwaka 2010 ilikuwa wagonjwa 6.8 wa salmonela katika kila watu 100,000. Mwaka huo ulipofika, walihesabiwa 17.6. Kwa upande wa Escherichia coli O157 shabaha ilikuwa 1.0, na waliohesabiwa walikuwa 0.9. Idara zile zile zilifaulu kwa kijidudu kimoja na kushindwa kwa kingine.

Ajabu zaidi ni kwamba salmonela katika nyama ya kuku iliendelea kupungua viwandani pasipo wagonjwa kupungua. Mwaka 2021 Idara ya Kilimo ya Marekani yenyewe ilikiri jambo hilo. Sababu kadhaa zaweza kutajwa. Jaribio liliuliza tu kama bakteria yupo au hayupo. Halikuuliza ni wengi kiasi gani, ingawa wingi wao ndio unaoongeza hatari. Salmonela ina aina zaidi ya 2,500, na chache tu kati yake husababisha sehemu kubwa ya maradhi. Kuiondoa aina dhaifu hupendezesha taarifa, lakini hakumponyi mtu. Isitoshe, salmonela huletwa pia na mayai, mboga na vyakula vinginevyo. Mwaka 2024 serikali ilipendekeza kwamba wingi na aina ya bakteria katika kuku vizingatiwe. Pendekezo hilo liliondolewa mwaka 2025.

Chakula kisichopita mlangoni

Matatizo hayo yametokea katika nchi ambamo nyama inayouzwa, kwa sehemu kubwa, hupita mbele ya mkaguzi. Katika Afrika Mashariki sehemu kubwa ya chakula haimfikii mkaguzi kabisa: hutoka shambani, huingia ghalani, kisha chunguni.

Mfano mkubwa ni sumukuvu iitwayo aflatoksini. Hutengenezwa na ukungu, hasa Aspergillus flavus, unaoota juu ya mahindi na karanga zilizopata ukame shambani au zilizohifadhiwa kabla ya kukauka. Sumu hii hudhuru ini. Ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka mingi huleta saratani, na ikiliwa kwa wingi huua kwa siku chache. Kupika ugali hakuiondoi.

Mwaka 2004 watu 317 waliugua katika wilaya za mashariki ya Kenya, zikiwemo Makueni na Kitui, na 125 kati yao walifariki. Mahindi yaliyopimwa kutoka masoko ya eneo hilo yalionyesha kwamba asilimia 55 yalipita kiwango cha wakati huo cha mikrogramu 20 kwa kilo, na asilimia 7 yalipita mikrogramu 1,000. Mwaka 2016 nchini Tanzania watu 68 waliugua katika mikoa ya kati, hasa Dodoma na Manyara, na 20 walifariki. Familia nyingi zilizopatwa na msiba zilikuwa zimekula mahindi ya mashamba yao wenyewe. Kuhesabu viwanda vilivyokaguliwa kusingeweza kuwaonyesha watu hao.

Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zimeweka kiwango cha mikrogramu 10 za aflatoksini zote kwa kilo ya mahindi, na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Tanzania nayo ilihamisha jukumu la usalama wa chakula mwaka 2019 kutoka Mamlaka ya Chakula na Dawa kwenda Shirika la Viwango. Hatua hizo ni muhimu, lakini kiwango kilichoandikwa ni mwanzo tu wa kipimo. Sumu hukaa katika punje chache. Bambo likichomwa mahali pamoja tu pa gunia laweza kutoka na punje safi na kuliacha gunia lenye sumu likipita. Kwa hiyo bambo lichomwe mahali pengi, punje zichanganywe, kisha zisagwe kabla ya kupimwa. Aidha ni lazima kuhesabu yale yanayotokea nyumbani: ni kaya ngapi zinazoanika mahindi juu ya turubai badala ya udongo, ghala ngapi zina nafaka iliyokauka sawasawa, na damu ya wanakijiji inaonyesha dalili kiasi gani za sumu hiyo.

Hitimisho

Hakuna namba moja iwezayo kusema kwamba chakula cha nchi ni salama. Hesabu ya shughuli huonyesha kama wakaguzi wamefanya kazi. Hesabu ya sampuli huonyesha chakula kiko katika hali gani. Hesabu ya wagonjwa huonyesha kama kazi hiyo imewafaa walaji. Zote tatu zikiwekwa pamoja, na zikakubaliana, serikali ina haki ya kuamini kwamba imefaulu. Zikipingana, zisichukuliwe kuwa aibu ya kufichwa, bali swali la kuchunguzwa. Na kila taarifa ya mafanikio inapotolewa, yafaa iulizwe kwanza: je, aliyekula mahindi ya ghala lake mwenyewe amehesabiwa?

Maswali ya kujadili darasani

1. Katika shehena moja ya magunia, 1 kati ya kila 10 lina sumukuvu. Mkaguzi akipima magunia 5, kuna uwezekano gani wa yote kuonekana safi? Akipima 20 je?

2. Mamlaka fulani yatangaza kwamba mwaka huu imeteketeza tani nyingi za chakula kuliko mwaka jana. Taja maelezo mawili yanayopingana, na ueleze ni habari gani zaidi zahitajika ili kuamua lililo kweli.

3. Pendekeza namba moja ya kila ngazi ambayo ingefaa kupima usalama wa mahindi katika kijiji chenu, na ueleze jinsi ya kuikusanya.